Mlinzi wa Ukimya

Niliporudi kutoka shule ya bweni kwa likizo ndefu, nilikuta jozi sita tu za viatu kwenye mlango wa ukumbi wa Mama Mdogo. Likizo iliyotangulia zilikuwa thelathini na moja, zimemwagika hadi ngazi ya tatu, na kuna mtu aliondoka na kiatu kimoja cha mwenzake asigundue mpaka alipofika kazini. Sasa sita. Niliweka sanduku langu la bati chini, nikavua vyangu, zikawa saba, nikaingia.

Mama Mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu, na amenilea tangu sijaota meno ya pili. Anafundisha yoga ya mtiririko, ile ambayo mtu hagandi kwenye mkao mmoja kama sanamu, bali anatoka kwenye huu akiingia kwenye ule kwa kuongozwa na pumzi. Unavuta, mikono inapanda. Unatoa, kiwiliwili kinashuka. Unavuta, mguu unarudi nyuma. Unatoa, makalio juu, kichwa chini. Hakuna kinachosogea mwilini kabla pumzi haijakitangulia. Ukumbi wake uko juu ya duka la kukata vioo, kwa hiyo tangu utoto wangu sauti yake ikisema "vuta... toa..." imekuwa ikichanganyika na mlio wa kioo kikikatwa huko chini. Kuna wanafunzi waliodhani ule mlio ni sehemu ya somo.

"Wengine wako wapi?" nilimuuliza darasa lilipoisha.

"Wamehama."

"Wote?"

"Kunja mikeka, mwanangu."

Huyu ni mwanamke ambaye akijigonga kwenye meza huiomba meza radhi. Nikajua kwake sitapata neno. Nilishuka kwa Fundi Vioo, mtu ambaye siri hukaa kinywani mwake kwa muda wa kumeza mate.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenenepa. Siku hizi mabwenini mnalishwa?"

"Wanafunzi wa Mama Mdogo wako wapi?"

Akaweka rula chini. "Hajakwambia? Kivuli kawabeba."

Kivuli lilikuwa jina la utani, tena la mapenzi. Miaka mitatu nyuma dada huyo alikuja ukumbini akiwa hawezi hata kuinama akagusa magoti yake, akatandika mkeka nyuma ya mkeka wa Mama Mdogo, na pale hakubanduka. Mama Mdogo akiinua mkono, wake nao umo hewani. Baada ya darasa alifuatana naye nyumbani, akala mezani petu, na nilipokuwa shuleni alilala kwenye kitanda changu. Mimi mwenyewe nilimwachia mto.

"Kawabebaje?"

"Kwa upole," alisema Fundi. "Kawaambia, mwalimu wenu kachoka. Anafunga ukumbi mwisho wa mwezi, kaona haya kuwaambia mwenyewe, kaniomba mimi niwapokee. Watu wakatokwa na machozi, wakabeba mikeka yao."

"Na hakuna hata mmoja aliyepanda juu kumuuliza?"

"Utamuuliza vipi mtu aliyechoka? Si ndiyo kumchosha zaidi?" Akakuna kidevu. "Na sasa atafunga kweli. Watu sita hawabebi ukumbi. Imebaki ile kazi ya chuo tu. Asipoipata, anarudisha funguo."

Kazi ya chuo ilikuwa hivi. Chuo cha wauguzi kilitaka mwalimu wa kuwafundisha wauguzi kila asubuhi, kwa sababu kunyanyua wagonjwa kulikuwa kumewaharibu migongo. Mkuu wa chuo, aliyeitwa na wote Sista Mkuu, alikuwa amewaalika walimu wawili, kila mmoja aongoze somo moja, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama Mdogo alikuwa wa pili kwenye ratiba.

"Wa kwanza nani?"

Fundi akachukua rula, akapima kioo ambacho alikuwa ameshakipima.

"Fundi."

"Unamjua," alisema.

Nilipanda nyumbani, nikaunusa mto wangu, nikauvua foronya, nikaifua mara mbili. Kisha nikapiga magoti kando ya kitanda na kuapa. Shuleni nimeadhibiwa mara kumi na nne, na katika hizo ni mbili tu nilizoonewa. Nilimwomba Mungu anisamehe zile kumi na mbili na aihesabu ya kumi na tano kuwa ibada.

Kisasi chenye heshima zake huanza na upelelezi. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye ukumbi mpya wa Kivuli, nyuma ya duka la dawa. Ulikuwa na dirisha pana lililofunguliwa nusu, na chini ya dirisha pipa la maji, na nyuma ya pipa mimi.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa akitumia maneno ya Mama Mdogo, kwa mpangilio wa Mama Mdogo, hata kile kikohozi kidogo cha Mama Mdogo kabla ya kusema "tunaanza". Nilichungulia. Watu ishirini na tano niliowajua kwa viatu walikuwa wakipanda na kushuka.

Hapo ndipo ikaja zamu ya mguu wa kushoto.

Lazima nieleze. Miaka mitano iliyopita Mama Mdogo alipanda kiti kubadilisha taa, kiti kikamkana, akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Kilipona, lakini hakikunjiki kama zamani. Kwa hiyo kila inapofika hatua ya kuupitisha mguu ule mbele, kati ya mikono, yeye huweka goti chini kwanza, anaongeza pumzi moja, halafu anausogeza mguu kwa mkono. Anafanya hivyo kwa ulaini mno, na kwa haya hakuwahi kulitangazia darasa. Wanafunzi wa zamani walijua. Wao waliupitisha mguu moja kwa moja. Kivuli alikuja baadaye, akakuta jambo lile lipo, akalibeba.

"Upande wa kushoto," alisema kwa sauti ya asali, "goti linaibusu ardhi. Pumzi moja ya ziada. Tunaushika mguu, tunausindikiza kama mgeni. Hapa tunashukuru."

Watu ishirini na tano wenye vifundo vizima wakachechemea kwa pamoja, wakishukuru. Hata wale wa zamani!

Nilicheka nyuma ya pipa mpaka nikajing'ata mkono. Kisha kicheko kikanikauka. Yule dada alikuwa amebeba wanafunzi, maneno, kikohozi, na hata maumivu ya mtu. Alikuwa amekula nasi miaka mitatu bila kuuliza hata mara moja, "Mwalimu, mguu wako una nini?" Nikajua hapo hapo nitakachomfanyia. Nitampa kitu cha kuiba.

Siku hiyo Mama Mdogo alipokwenda sokoni, nilivaa suti yake ya michezo, ile ya buluu yenye mistari myeupe, nikampandisha Fundi Vioo ukumbini na kumkabidhi simu ya Mama Mdogo.

"Uso wangu usionekane," nilimwagiza. "Kuanzia shingoni kushuka."

"Hata mimi ningekushauri hivyo," alisema.

Kuiga sauti ni kipaji nilichopewa bure. Kwa sauti ya Matroni wetu nimewahi kulitoa bweni zima nje wakati wa mvua. Sauti ya Mama Mdogo ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu naipenda.

"Tunaanza," nilisema, na kile kikohozi.

Kitu cha kwanza nilikiita Kufukuza Uzito. Unatoa pumzi, unajipiga paja mara mbili, halafu unapunga vidole kando ya sikio.

"Huyo ni nzi," alinong'ona Fundi.

"Ni uzito, Fundi. Nyamaza, unarekodi."

Cha pili hakikuwa na jina, na ndicho kilichokuwa kibaya. Niligeuza pumzi. Mahali pote pa kuvuta nikaweka kutoa, na pa kutoa nikaweka kuvuta. Mtoto aliyelelewa juu ya duka la vioo anajua kwamba kiwiliwili kikijikunja mapafu yanataka kumwaga, si kujaza. Jaribu hapo ulipo: inama mpaka kifua kiguse mapaja huku ukijaza hewa. Umeona?

Cha tatu ndicho kilichokuwa fahari yangu. Unatoa pumzi yote, mpaka tone la mwisho. Unainua mguu mmoja. Mabega yanapanda mpaka masikioni, macho yanatoka, viganja vinakaa kifuani kama umekumbatia kitu. Unaganda hivyo, bila hewa, kwa hesabu ya kumi na mbili. Mkao huu niliufanya kwa dhati mara moja tu maishani, ndani ya kabati la Matroni, nikiwa na pakiti yake ya biskuti, naye akipita koridoni akiburuta ndara.

"Na huu," nilisema kwa sauti ya Mama Mdogo, "ni Mlinzi wa Ukimya."

Fundi alizima simu, akanitazama. "Kumi na mbili si nyingi?"

"Kwa mwizi?"

"Kwa watu watakaokuwa nyuma ya mwizi."

Lilikuwa swali zuri. Nikampokonya simu.

Mama Mdogo aliporudi na kuingia kuoga, nilimtumia Kivuli ile video kutoka kwenye simu yake, ikiwa na maelezo haya: "Mtiririko wa chuo. Wa mwisho huu." Nikasubiri dakika moja, kisha nikaandika: "Samahani sana mpenzi, imekuja kwako kwa makosa. Ni ya Jumamosi, bado ni siri. Tafadhali ifute bila kuitazama."

Video ilikuwa ya dakika tisa. Alijibu baada ya dakika kumi.

"Nimeshaifuta, Mwalimu. Sijaona kitu. Ubarikiwe."

Nikafuta mazungumzo yote, nikairudisha simu mahali pake, nikaenda kumenya viazi kama malaika.

Wiki ile nilirudi nyuma ya pipa mara mbili. Jumanne walikuwa wakijipiga mapaja. Alhamisi watu ishirini na tano walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, macho nje, mabega masikioni, wakimsubiri Matroni wasiyemjua apite. Nilirudi nyumbani nikiimba. Mama Mdogo aliniuliza nimefurahia nini. Nikamwambia nimefurahi kuwa nyumbani, na huo haukuwa uongo.

"Na mimi nimefurahi," alisema. "Nikikosa Jumamosi, angalau tutakuwa wawili wa kuhamisha mikeka."

Alisema huku akicheka. Lakini usiku wa Ijumaa niliona amezifuta funguo za ukumbi kwa kitambaa, zote mbili, na kuziweka kwenye bahasha.

Jumamosi tulifika chuoni mapema, kwa sababu Mama Mdogo huona kuwahi kuwa ni sehemu ya salamu. Somo lilikuwa katika bwalo la chakula. Mabenchi yalikuwa yamesukumwa ukutani na mashuka ya wodi yametandikwa sakafuni badala ya mikeka. Wauguzi walikuwa kama ishirini. Nusu yao ndio kwanza walikuwa wametoka zamu, macho mekundu, sare zimekunjwa viunoni. Sista Mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye saa iliyobandikwa kifuani kichwa chini, na alikuwa akiitazama kama vile nayo imechelewa. Mlangoni palikuwa na ratiba: saa nne Kivuli, saa tano Mama Mdogo.

"Mwalimu!" Kivuli alimkumbatia Mama Mdogo. "Umependeza, jamani."

"Ahsante. Umekula?"

"Kidogo."

"Usifundishe na njaa, mdogo wangu."

Nilitamani kuuma kitu. Mtu kakubeba darasa zima, nawe unamuuliza kama amekula!

"Na wewe mrembo umefunga shule?" Kivuli aliniuliza.

"Nimefunga, dada. Tumekukumbuka sana."

Akaanza. Kikohozi, "tunaanza", mikono juu. Alikuwa hodari, siwezi kumnyima. Mwili wake ulikuwa umenakili kila kitu. Wauguzi wakamfuata. Kisha akaingia kwenye mtiririko wangu. Akawainamisha wakivuta, akawainua wakitoa. Nyuso zilianza kukunjamana. Mama Mdogo, aliyekaa kando yangu kwenye benchi, akanyoosha shingo.

"Anawageuzia pumzi," alinong'ona. "Kwa nini anawageuzia pumzi?"

Ikaja Kufukuza Uzito. Wauguzi ishirini wakajipiga mapaja, wakapunga masikio.

"Sista, hawa mbu wa wodi gani?" mmoja aliuliza, bwalo likacheka. Kivuli akatabasamu kama mtu anayewahurumia wasioelewa.

"Sasa tunatoa pumzi yote," alisema. "Mguu mmoja unaondoka. Macho wazi. Huyu ni Mlinzi wa Ukimya. Moja... mbili..."

Mama Mdogo alisimama. "Hawa wametoka zamu! Hawana hewa hawa!"

Nilimshika sketi. Ndiyo, nilimshika. Kivuli alikuwa amefika saba.

Kwenye tisa muuguzi mmoja mrefu wa mstari wa pili alishuka chini taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Kama kuna mahali pazuri pa kuzirai duniani, ni pale. Kabla kichwa chake hakijagusa shuka tayari mikono sita ilikuwa imemdaka, miguu yake imeinuliwa, mapigo yake yanahesabiwa. Akafumbua macho akasema hajala tangu jana na kama kuna chai. Wengine watatu walikuwa wameketi, vichwa kati ya magoti.

Sista Mkuu hakupaza sauti. Alikuja mpaka mbele, akasimama chini ya kidevu cha Kivuli.

"Mwalimu, mkao ule unafanya nini mwilini?"

"Unalinda ukimya, Sista."

"Ukimya wa nani?"

Bwalo likacheka.

"Nimefanya kazi na mapafu ya watu miaka thelathini," aliendelea Sista Mkuu. "Nieleze tu, polepole, kwa nini mtu avute hewa akiwa amejikunja."

"Ndivyo... ndivyo mtiririko unavyokwenda."

"Umekwenda, nimeona. Umemwangusha muuguzi wangu. Nauliza kwa nini."

Nitasema ukweli: nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata hata siku ya kufunga shule. Kivuli alitazama kushoto, akatazama kulia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Halafu likamtoka lile neno nililokuwa nimelitafuta tangu siku ya foronya.

"Si wangu!" alisema. "Sikuutunga mimi. Ni wa mwalimu wangu, yule pale. Kila kitu ninachofundisha ni chake. Kila kitu! Na hata wanafunzi... hata wanafunzi ni wake."

Utamu wake ulidumu kwa pumzi moja. Kwenye pumzi ya pili niliona bwalo zima limegeuka kumtazama Mama Mdogo, na yule muuguzi aliyeanguka naye ameinua kichwa kutoka chini ili amwone vizuri.

"Ninayo video," aliongeza Kivuli. Bila shaka hakuwa ameifuta.

Sista Mkuu aliichukua simu, akatazama kiwiliwili kisicho na kichwa kikifukuza nzi. Sauti ya Mama Mdogo ilijaza bwalo: "Na huu ni Mlinzi wa Ukimya."

"Hii ni sauti yako?"

Mama Mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza kichwa akanitazama. Hakuwa amekasirika. Ningepata nafuu kama angekuwa amekasirika.

"Suti hiyo ni yangu," alisema. "Na ukumbi huo ni wangu."

Nikaelewa kwamba ataishia hapo. Angeibeba ile aibu kama alivyobeba zote, angeniambia nikunje mikeka, angerudisha bahasha ya funguo, na Kivuli angerudi nyuma ya duka la dawa akiwa mtu aliyeponzwa na mwalimu mbaya. Kisasi changu kilikuwa kimefika kilipotumwa, halafu kikapitiliza kikampata niliyekuwa nikimpigania.

"Ni mimi," nilisema.

"Wewe nani?" aliuliza Sista Mkuu.

"Mtoto wake. Mwili ni wangu, sauti naiiga, mikao nimeitunga. Yeye hajui lolote. Nilijua dada huyu ataiba, kwa sababu ameshaiba vyote."

"Kila mtu anaweza kusema hivyo."

Nikasafisha koo kwa kile kikohozi, nikasema kwa sauti ya Mama Mdogo: "Tunaanza. Vuta..."

Wauguzi wawili walivuta kabla hawajajizuia.

Sista Mkuu alinitazama kama anavyotazamwa kidudu kwenye darubini. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita, Sista."

"Muuguzi wangu angeangukia kona ya benchi, ungekuwa na miaka mingapi?"

Alimrudishia Kivuli simu yake. Alituonyesha mlango, mimi na Kivuli, kwa kidole kimoja kilichotutosha wote. "Nje. Na leo sitachagua mtu. Nimechoka na pumzi."

Kivuli alipita mbele ya Mama Mdogo akiwa ameinamisha kichwa. "Mwalimu..."

"Miaka mitatu," alisema Mama Mdogo. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikikata. "Ungeniomba ningekupa, na wanafunzi nusu ningekupa. Ukawaambia nimechoka! Unaniona nimechoka?"

Mama Mdogo akanigeukia.

"Na wewe tutaongea. Si leo. Leo nina kazi."

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu anayeiomba meza radhi. Alivua viatu, akatembea mpaka katikati ya bwalo, akasimama mbele ya Sista Mkuu.

"Zamu yangu ni saa tano. Tazama saa yako, Sista. Imebaki dakika nne. Naomba zamu yangu."

Sista Mkuu aliitazama saa ya kifuani kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kusomwa.

"Utaanza na nini?"

"Na huyu aliyeanguka. Hivyohivyo alivyolala. Wengine nao walale, kwanza wapumzike."

Mlango ukafungwa nyuma yetu.

Nje palikuwa na benchi moja. Kivuli alikaa mwisho huu, mimi mwisho ule, na katikati yetu tukaacha nafasi ya watu wazima wawili. Ndani kulikuwa kimya, halafu sauti ya Mama Mdogo ikaanza, vuta, toa, bila haraka, na baada ya muda tukasikia wale ishirini wakitoa hewa kwa pamoja kama mtu mmoja mkubwa aliyetua mzigo.

Kivuli alilia kidogo. Sikumwonea huruma, ila nilitazama pembeni, kwa adabu.

"Umeniua," alisema.

"Bado."

"Mbele ya watu wote wale."

"Ulilalia mto wangu."

"Ulikuwa mgumu," alisema, akapenga kamasi.

Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Mlango ulipofunguka alitoka Sista Mkuu peke yake, bila viatu, nywele zimetoka kidogo kwenye kofia, uso umelegea kama wa mtu aliyeamshwa vizuri. Hakutusemesha. Alichomoa kalamu, akaukata mstari wa saa nne kwenye ratiba ya mlangoni, na kando ya mstari wa saa tano akaandika: kila siku, kuanzia Jumatatu. Kisha akanitazama mimi.

"Na wewe usionekane hapa."

"Ndiyo, Sista."

Akaingia ndani. Nilitaka kuruka, lakini nilikuwa nimekaa na adui, nikajizuia. Kivuli aliisoma ile ratiba kwa muda.

"Nitawaambia ukweli Jumatatu," alisema mwishowe. "Wale wangu. Wake. Wanaotaka kurudi kwake warudi."

"Wote watarudi."

"Si wote. Wapo wanaoishi karibu na duka la dawa." Akajifuta macho. "Lakini vyake sifundishi tena. Hata kimoja. Nimefikiria hapa, nikaona nimebakiwa na kitu kimoja tu ambacho si chake."

"Kipi?"

"Mlinzi wa Ukimya."

Niligeuka nikamtazama. Hakuwa akitania.

"Wanaupenda," alisema. "Hujui. Kuna mama mmoja analia kila akifika kumi. Anasema tangu ajifungue hajawahi kupata sekunde kumi na mbili ambazo hakuna anayemtaka. Nitapunguza hesabu, labda sita. Na hewa nitawaachia kidogo."

"Huwezi!" nilisimama. "Ni wangu! Nimeutunga mimi!"

"Kwa hiyo nakuomba," alisema. Alitoa simu, akafungua mahali pa kuandikia, akaniinulia macho yale ya unyenyekevu ambayo Mama Mdogo aliyatazama miaka mitatu. "Mimi nilikuwa nainua wowote tu. Unainua mguu upi?"

Ndani, Mama Mdogo alikuwa akicheka na wauguzi. Nilikaa tena, safari hii karibu naye zaidi, nikaitafuta sauti ya upole kuliko zote nilizo nazo.

"Yote miwili, dada," nilimwambia. "Kwa pamoja."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyefunguliwa siri, na akaanza kuandika.